Daraja la Mlalenyi: Bolti ya Tatu

Kifuniko kilifungwa juu ya kichwa chake. Hapo ndipo tulipomwacha Mumbe wiki jana, msomaji wangu, na kama hukuwa nasi, vuta kiti, hujachelewa.

Mwanamke mmoja, tochi moja, chumba cha zege kisichozidi ukubwa wa choo. Juu yake jukwaa la daraja la vioo, lile refu lililovuka korongo la Mlalenyi kule Mwanda, na lililokuwa likizinduliwa asubuhi hiyohiyo. Mbele ya macho yake bolti nne nene zilizochimbiwa kwenye mwamba. Bolti hizo zilishika kebo, na kebo zilishika daraja.

Bolti ya tatu ilikuwa imetoka kwenye mwamba kwa upana wa vidole viwili.

Juu, kufuli ikalia. Kacha!

"Nani huyo?" Mumbe alipiga kelele. "Niko ndani huku! Fungua!"

Viatu vilitulia juu ya chuma. Vilitulia muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha vikaondoka polepole, hatua moja moja, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Aliyefunga alikuwa amemsikia.

Alipiga kifuniko kwa spana mpaka mkono ukafa ganzi. Nani angesikia? Juu kulikuwa na ngoma, spika, jenereta na watu kutoka Voi, Wundanyi na Taveta. Aliangalia simu. Mtandao hakuna, hata kijiti kimoja.

"Tulia," alijiambia. "Tulia, binti Mulinge."

Kwa miaka kumi na miwili Mumbe alikuwa amechomelea mageti na vitanda vya chuma pale Voi, kabla kampuni haijamwajiri kukagua vyuma vya daraja. Chuma alikijua. Alijua kikiwa kimeshiba mzigo na alijua kikiwa kimechoka. Kupanda juu hakukumtisha. Kilichomtisha ni kufungiwa.

Alimulika bolti ya tatu tena. Safari hii aliona kitu ambacho hakukiona mara ya kwanza.

Maji.

Yalikuwa yakichuruzika kutoka ndani ya tundu la bolti, membamba kama uzi, yakiwa na rangi ya saruji. Aliyagusa. Yalikuwa baridi. Akayaonja kwa ncha ya ulimi. Hayakuwa maji ya mvua. Yalikuwa maji matamu, ya chini kwa chini.

Mara akamkumbuka Josephat.

Josephat ni mkulima wa bonde la chini, mtu asiye na maneno mengi. Miezi minane iliyopita aliingia ofisi ya meneja Hillary na mtungi mtupu, akauweka juu ya meza, katikati ya karatasi.

"Tangu mpasue mwamba kwa baruti, chemchemi yetu imekufa," alisema. "Kabichi zimekauka. Wake zetu wanateka maji kilomita tatu."

"Ni kiangazi tu, mzee," Hillary akamjibu.

Kumbe chemchemi haikufa. Ilihama! Baruti iliifungulia njia mpya ndani ya mwamba, na kwa miezi minane ilikuwa ikila saruji iliyoshika bolti, kidogo kidogo, kama panya kwenye gunia.

Juu, mshereheshaji akanguruma kwenye spika. "Wageni wetu, lango la upande wa Mwanda liko wazi! Karibuni mtembee juu ya mawingu!"

Kishindo cha viatu. Vicheko. Zege la dari likatetemeka.

Na bolti ya tatu ikasema: kti.

Mumbe aliganda. Alihesabu moyoni. Moja, mbili, tatu... Kti. Ikatoka tena, kiasi cha unene wa shilingi.

Hapo ndugu msomaji, hata mimi na wewe tungelia. Mumbe alilia. Alilia kidogo, akafuta kamasi kwa mkono wa ovaroli, kisha akatazama pale ambapo kebo zilitoka nje. Palikuwa na mwanya. Upana wa mabega ya mtu mwembamba, na nyuma yake ukungu mtupu.

Alifunga kamba yake ya kiunoni kwenye bolti ya kwanza, iliyo nzima. Akavuta mara tatu. Akaingiza kichwa, akaingiza bega moja, akatoa pumzi yote ili la pili lipite. Kwa sekunde kadhaa alikwama, nusu ndani nusu nje. Akajipinda. Kitambaa kikapasuka. Akatoka.

Chini hakukuwa na chochote. Korongo lote lilikuwa limejaa ukungu, mweupe, mzito, na kutoka mbali sana chini ilikuja sauti ya kengele ya mbuzi. Ile kengele ndiyo iliyomwambia urefu wa kuanguka.

"Ngai, Mungu wangu, nishike," alinong'ona.

Ukutani kulikuwa na vishikio vya chuma. Alivichomelea mwenyewe, kwa hiyo alijua viko kumi. Alijua pia kwamba vilitakiwa kuwa kumi na viwili, ila siku ya uzinduzi ilisogezwa mbele na viwili vya juu havikuwahi kufungwa.

Alipanda. Mwamba ulikuwa na utelezi wa kuvumwani. Kishikio cha sita, cha saba. Pembeni yake kebo ilikuwa ikitetemeka kama mshipa wa shingo. Cha tisa. Cha kumi. Akasimama kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono kadiri mkono wa mtu unavyoweza kunyooka.

Hakufika.

Kiganja kilibaki chini ya ukingo kwa urefu wa shubiri moja. Mguu wa kushoto ukateleza. Akaning'inia kwa mkono mmoja, kamba ikamkata kiunoni, na spana ikachomoka mfukoni. Alisikiliza ianguke. Haikutoa sauti yoyote.

Ndipo mkono mnene wenye unga ukatokea juu, ukamkamata kwenye kifundo cha mkono.

"Uuuwi! Wewe umetokea wapi?"

Alikuwa Everlyne, mpishi, aliyekuja ukingoni kumwaga majani ya chai. Alimvuta Mumbe kama anavyovuta gunia la viazi, wote wawili wakabwagika nyuma ya hema la jikoni.

"Kwani umeanguka?" Everlyne aliuliza, akihema. "Mbona unatetemeka hivyo?"

Mumbe alifungua kamba kiunoni. Alikuwa akitazama daraja.

Kibao langoni kilisema watu ishirini kwa wakati mmoja, wasizidi. Aliandika hesabu ile yeye mwenyewe. Sasa juu ya vioo aliona kofia, miavuli, mikono iliyoinua simu, mgeni rasmi wa kutoka Nairobi na suti yake ya buluu, akina mama na lesso zao. Walijaa mpaka ukungu ukawameza.

"Wako wangapi pale?" aliuliza.

"Nilisikia hamsini na wawili. Si leo ni sherehe?"

Mumbe alikimbia. Alimkuta Hillary langoni, akiwa na tai mpya na tabasamu la picha. Alimshika tai ile, akamvuta nyuma ya nguzo.

"Kwa nini ulinifungia?"

"Nini? Wewe Mumbe, umeumwa na nini? Niachilie!"

"Ulinifungia chini ukijua niko ndani!"

"Mimi?" Macho ya Hillary yalizunguka. "Mimi nilidhani uko lango la ng'ambo na mlinzi Nicholas. Naapa! Nimekutafuta tangu saa mbili!"

Mumbe alikuwa amewahi kuona watu wakidanganya. Huyu hakuwa anadanganya. Akamwachilia.

"Bolti ya tatu inatoka," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna maji nyuma yake. Ile chemchemi ya Josephat. Kila mtu akikanyaga, inatoka."

Jasho likamtoka meneja katika baridi ile ya Mwanda. Kisha akafanya jambo la hatari kuliko yote yaliyotendeka asubuhi hiyo: alimpokonya mshereheshaji maikrofoni, akavuta pumzi kupiga ukelele.

Mumbe alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usithubutu! Ukisema linaanguka watakimbia. Wakikimbia wote pamoja, limekwisha. Unaelewa?"

Hillary aliitikia kwa kichwa, machozi machoni.

"Basi nipe."

Maikrofoni ilikuwa nzito kuliko nyundo yoyote aliyowahi kuishika. Aseme nini? Upepo ukaleta harufu ya tangawizi kutoka jikoni, na ulimi wake ukaishika harufu ile kama mtu anayezama ashikavyo mzizi.

"Wageni wetu wapendwa," alisema. Sauti ilitoka laini, hata yeye mwenyewe hakuijua. Spika za malango yote mawili ziliipeleka kotekote. "Chai ya tangawizi iko tayari, na mahamri moto. Ni upande wa Mwanda. Tunaomba mje mmoja mmoja, polepole, vioo vimelowa. Msikimbie, chai haiishi. Mama mwenye lesso nyekundu, anza wewe."

Vicheko vikasikika. Mama mwenye lesso nyekundu akaanza kurudi.

Mmoja. Wawili. Mumbe alisimama langoni akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. "Polepole, baba. Shika hapo. Asante. Anayefuata." Kijana mmoja alitaka kurukaruka ili rafiki yake ampige picha. "Wewe kaka wa kofia nyeupe," Mumbe alisema, bado anatabasamu, "picha nzuri ziko huku nje. Njoo."

Kijana akaja.

Ishirini na saba. Ishirini na nane. Mgeni rasmi alipita akilalamika kwamba hakufika katikati. Chini ya zege, Mumbe alihisi kwa nyayo zake: kti.

Upande wa pili wa lango, Wakesho alikuwa akiwapa watu mkono ili wavuke kizingiti. Wakesho ndiye kiongozi wa wageni pale darajani, na ndiye rafiki wa kwanza ambaye Mumbe alimpata alipopanda milimani. Walikuwa wakila sahani moja. Alfajiri ile Mumbe alikuwa amempigia simu: nataka kushuka kuangalia bolti, sina amani nazo.

Hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Mumbe aligeuka taratibu. Shingoni mwa Wakesho, chini ya skafu ya kampuni, kulikuwa na uzi mweusi, na kwenye uzi ulining'inia ufunguo wa kufuli.

"Ni wewe," Mumbe alisema.

Wakesho hakukana. Midomo yake ilikuwa imekauka kama majivu. "Thelathini na tano... shika hapo, mama, karibu." Kisha, bila kumtazama Mumbe: "Nilitaka nipate muda wa saa mbili tu. Mgeni rasmi aone, aende. Halafu ningekufungulia, mngetengeneza."

"Ulinisikia nikiita!"

"Nilikusikia." Sauti ilimkatika. "Mumbe, wewe ni wa Voi, utarudi Voi. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba. Niliwaambia toeni kilima chenu, watoto wenu wataacha kwenda kuosha vyombo Mombasa, watapata kazi hapa. Mama yangu alifyeka migomba yake kwa neno langu. Daraja lifungwe siku ya kwanza? Ningeishi wapi?"

"Na wakianguka, utaishi wapi?"

Wakesho alimpa mkono mzee wa fimbo, akamvusha.

Hamsini. Hamsini na mmoja. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mzito aliyevua viatu kwa kuogopa kuteleza. Alipokanyaga udongo Mumbe alitaka kumkumbatia. Hamsini na wawili.

Daraja lilikuwa tupu.

Hillary alikaa chini palepale, suti na yote, akafunika uso. Mumbe aliegemea nguzo. Kutoka hemani ikaja milio ya vikombe na sauti ya mtu akisifu mahamri. Hakuna aliyejua! Hamsini na wawili walikuwa wakinywa chai, na hakuna aliyejua jinsi kifo kilivyowapitia karibu.

"Nisamehe," Wakesho alisema nyuma yake.

Mumbe aliinua mkono kumnyamazisha. Si kwa hasira. Alikuwa amesikia kitu.

Ndani ya ukungu, kutoka ng'ambo, watu walikuwa wakiimba.

Sauti nyembamba, nyingi, za furaha. Sauti za watoto. Na chini ya wimbo, pa! pa! pa! pa! Miguu mingi ikikanyaga vioo kwa mpigo mmoja.

"Kwaya ya shule," Hillary alinong'ona. "Walitakiwa wasubiri lango la ng'ambo. Waimbie kule kule!"

Mumbe alimpigia Nicholas, mlinzi wa lango la ng'ambo. Alipokea mara moja, kwa uchangamfu.

"Nicholas! Nani amewaruhusu watoto?"

"Si mlitangaza chai? Tumesikia huku vizuri. Wamefurahi sana, nikasema wacha waende wakiimba. Wako thelathini na wanane, na mwalimu wao. Mbona, kuna shida?"

Simu ilimtoka mkononi. Uongo wake mwenyewe! Uongo uliowatoa hamsini na wawili ulikuwa umewaita thelathini na wanane.

Pa! pa! pa! pa! Walikuwa wakipiga kwata, kama walivyofundishwa kwa sherehe. Kioo cha kwanza langoni kilitikisika kwa kila mpigo. Kti. Kti. Kti. Bolti sasa haikupumzika.

Mumbe aliichukua maikrofoni kwa mikono miwili.

"Watoto wangu wazuri," alisema, "simameni hapo mlipo. Tunataka kuwapiga picha."

Wimbo ukaisha kwa vicheko. Miguu ikatulia. Daraja likaendelea kuyumba lenyewe, likapunguza, likapunguza.

"Vizuri sana. Mwalimu, naomba mgeuke. Mrudi kwa mlinzi, taratibu, bila kupiga miguu. Chai tutawaletea huko huko. Mnatembea kama paka. Nani anajua kutembea kama paka?"

"Mimiii!" waliitikia.

Na wakaanza kurudi. Mumbe alisikia nyayo zikififia, laini, za paka. Alihisi bolti. Kimya. Alihesabu mpaka kumi. Kimya. Mungu mkubwa, ilikuwa ikiwezekana.

Hakuwa amemtazama Wakesho.

Wakesho alikuwa ameushika mlango wa daraja kwa vidole vyote kumi. Ndani ya kwaya ile, mwimbishaji, mtoto wa miaka tisa aliyeshonewa sketi mpya Jumamosi, alikuwa Shanice. Shanice wake. Alikuwa amejizuia alipousikia wimbo, amejizuia wakati wa miguu, lakini ukungu ulipoanza kuzimeza nyayo, moyo wa mama ulipasuka.

"Shanice!" alipiga ukelele. "Shanice mwanangu! Toka hapo! Toka!"

Ukelele uligonga mwamba, ukarudi, ukagonga tena.

Nyayo zote zikasimama. Mtoto mmoja akaanza kulia, kisha wawili. Sauti ya mwalimu ikasikika ikiita, "Tulieni! Tulieni!" Halafu sauti nyembamba ikatoka katikati ya weupe ule:

"Mama?"

Na miguu miwili midogo ikajitenga na mingine. Haikwenda kwa Nicholas. Ilikuwa ikija upande wa Mwanda, upande wa bolti ya tatu, kwa mbio.

"Rudi!" Mumbe aliita. "Shanice, simama!"

Lakini mtoto alikuwa amesikia sauti ya mama yake ikilia, na mtoto wa namna hiyo hasimamishwi na spika.

Mumbe alitupa maikrofoni. Alimsukuma Wakesho akaanguka kando, akaruka kizingiti, akakanyaga kioo. Hatua tano. Hatua kumi. Ukungu ukamfunika, lango likapotea nyuma yake, na mbele aliona kitu chekundu, skafu ndogo ya shule shingoni mwa mtoto, ikimjia.

Alinyoosha mikono.

Nyuma yake, ndani ya mwamba, bolti haikulia kti. Kilikuwa kishindo kimoja kizito, kama mlango wa kanisa unaobamizwa, na maji ya chemchemi ya Josephat yakafoka kutoka kwenye tundu tupu. Kebo ikapita hewani ikipiga mluzi. Kioo kilichokuwa chini ya miguu ya Mumbe kikalala upande, na ile skafu nyekundu ikaanza kuteleza kuelekea ukingoni.